Mganga Aliyekataa Dawa

Mtu akijikwaa, mkono wake hukimbilia mguu. Mtoto akilia kichwa, mama yake humshika kichwa kabla ya kufikiri dawa. Tena katika vijiji vyetu vingi yuko mzee, mwanamume au mwanamke, anayejua kuunga mfupa uliovunjika, kurudisha bega lililoteguka na kukanda mgongo wa mtu aliyechoka kwa kubeba mizigo. Kazi hiyo ni ya zamani sana, wala si ya kwetu peke yetu. Wagiriki walikuwa nayo. Katika vitabu vya zamani vinavyoitwa vya Hippocrates, vilivyoandikwa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo, tunasoma jinsi mgonjwa alivyolazwa kifudifudi juu ya ubao, wasaidizi wakimvuta huku na huku, na mganga akimkandamiza mgongo kwa viganja, hata kwa mguu wake.

Uingereza nako walikuwako waunga-mifupa mashuhuri. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Sarah Mapp, alisifiwa sana mwaka wa 1736, hata watu wa mji wa Epsom wakataka kumlipa fedha ili asihame kwao. Waganga waliosoma waliwacheka watu kama huyo. Lakini mwaka wa 1867 mpasuaji mkubwa wa London, James Paget, aliwaambia wenzake maneno ya haki: waunga-mifupa wanawadhuru wagonjwa wengi, lakini wako pia wagonjwa wanaopona mikononi mwao baada ya sisi kushindwa, basi tujifunze lililo jema kwao na kuacha lililo baya.

Hata hivyo kazi ile ilibaki kazi ya ukoo: baba alimfundisha mwana, mwana akamfundisha mjukuu, wala hakuna aliyeuliza kwa nini mgonjwa mmoja anapona na mwingine anazidi kuumia. Mtu aliyeifanya iwe elimu yenye shule yake na jina lake alitokea Marekani. Jina lake Andrew Taylor Still, na elimu yake inaitwa osteopatia, neno lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la mfupa na la maumivu. Leo tunataka kueleza habari zake, maana mtu huyu alikataa dawa zote. Wasomaji wetu watajiuliza kama alisema kweli. Sisi twaona kwamba alisema kweli nusu, na ile nusu nyingine iliwagharimu wanafunzi wake karibu miaka mia.

Still alizaliwa tarehe 6 Agosti 1828 katika wilaya ya Lee, jimbo la Virginia. Baba yake, Abram, alikuwa mhubiri wa Kimetodisti na papo hapo mganga, kama walivyokuwa wahubiri wengi wa mashamba siku zile: alipanda farasi, Biblia upande mmoja na mfuko wa dawa upande wa pili. Jamaa hiyo ilihama mara kwa mara kuelekea magharibi, kwanza Tennessee, kisha Missouri. Abram alichukia utumwa na hakuficha neno lake. Katika Missouri, nchi ya wenye watumwa, hakupendwa. Basi akaenda Kansas kuwa misionari kati ya Washawnee, mmojawapo wa makabila ya wenyeji wa Amerika. Mwanawe alimfuata huko, akajifunza uganga kwa kumsaidia baba yake. Ndivyo wengi walivyojifunza siku zile.

Still mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1897, jambo lililompata alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Kichwa kilikuwa kikimwuma sana. Akafunga kamba ya jembe ya baba yake kati ya miti miwili iwe bembea. Mtoto akaishusha kamba mpaka ikawa karibu na ardhi, akaweka blanketi juu yake, akalala chini na kuegemeza shingo yake juu ya kamba kama juu ya mto. Akapata usingizi. Alipoamka maumivu yalikuwa yamekwisha. Tangu siku ile, kila kichwa kilipoanza kumwuma, aliirudia kamba yake. Ni jambo dogo, na mtu mwingine angelisahau. Yeye alilikumbuka baada ya miaka mingi na kujiuliza: kamba ile ilifanya nini shingoni mwangu?

Alijifunza sana mifupa. Lazima tuseme wazi kwamba njia yake haikuwa safi, maana alifukua makaburi ya wenyeji wa Amerika na kuipasua miili yao apate kujua viungo vyote. Yeye mwenyewe ameandika hivyo bila haya. Wenye wafu wale hawakuulizwa. Elimu nyingi ya uganga ya karne ile, Ulaya na Amerika, ilipatikana kwa miili ya maskini na ya watu waliodharauliwa, na haifai kulinyamazia jambo hilo tunapoisifu elimu yenyewe.

Mwaka wa 1861 vita vya Marekani ya kaskazini na ya kusini vilianza. Still aliingia upande wa kaskazini, upande wa waliokataa utumwa, akawahudumia askari waliojeruhiwa. Lakini pigo kubwa la maisha yake halikumpata vitani, lilimpata nyumbani. Mwaka wa 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia katika nyumba yake. Waganga waliitwa, wakaja mchana na usiku; mhubiri akaja kusali. Still hakuwalaumu hata mmoja. Aliandika kwamba walifanya yote waliyoyajua. Watoto watatu wa nyumba hiyo wakafa.

Mtu aliyezika watoto watatu kwa ugonjwa mmoja, naye mwenyewe ni mganga, atafikiri nini juu ya dawa zake? Still alifikiri kwamba hazina faida. Na tukiangalia dawa za siku zile, hatuwezi kumkasirikia. Dawa iliyotumika zaidi ya zote iliitwa kalomeli, nayo ilitengenezwa kwa zebaki. Mgonjwa aliinywa mpaka mate yakamtiririka, ufizi ukavimba na meno yakalegea, na mganga aliona dalili hizo kuwa ishara kwamba dawa inafanya kazi yake! Pamoja na hiyo walitumia afyuni, pombe kali, na dawa za kutapisha na kuharisha. Watu hawakujua bado kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa mengi. Mara nyingi mgonjwa aliyeachwa bila dawa alikuwa na bahati kuliko yule aliyelipa apate dawa.

Still alifikiri miaka kumi. Tarehe 22 Juni 1874, siku aliyoitaja daima kama siku ya kuzaliwa kwa elimu yake, alitangaza kwamba ameachana na dawa. Mafundisho yake yalikuwa hivi: mwili wa mtu umeumbwa vizuri, nao una ndani yake mambo yote yanayohitajiwa kwa kuponya. Damu ikipita vizuri na neva zikifanya kazi yake, mtu ni mzima. Mfupa ukiondoka mahali pake hata kidogo, au msuli ukikaza, mishipa inabanwa, damu inakwama, ndipo ugonjwa unapoingia. Basi kazi ya mganga ni kutafuta kwa vidole vyake mahali palipokaza, kupalegeza, kisha kuuacha mwili ujiponye wenyewe.

Watu wa kwao hawakumpokea. Alikwenda katika chuo cha Baker, mji wa Baldwin, akitaka kueleza mafundisho yake. Jamaa yake ilikuwa imesaidia chuo hicho kwa kukitolea ardhi, lakini mlango ulifungwa. Wengine wa dini yake walisema kwamba kuponya kwa kuweka mikono ni kazi ya Kristo peke yake, na mtu anayeijaribu anamkufuru Mungu. Still hakudai miujiza. Alisema anarekebisha viungo kama fundi anavyorekebisha mashini. Lakini watu wakishakushuku, maelezo hayasaidii sana. Mwaka wa 1875 alihamia Kirksville, mji mdogo wa Missouri, akazunguka mashambani na mfuko wa mifupa mkononi, akijiita mwunga-mifupa wa upesi kama umeme. Alikuwa na ndevu nyingi, nguo zake zilikuwa mbaya, na maskini hakuwadai kitu. Wengi walidhani ana wazimu.

Lakini wagonjwa walikuja. Walikuja wenye maumivu ya kiuno, wenye shingo iliyokaza, wenye nyonga iliyoteguka siku nyingi, na wengine wakarudi kwao wakitembea vizuri. Habari zikaenea, hata gari la moshi likaleta wageni wengi kila siku, na watu wa Kirksville wakajenga hoteli kwa ajili yao. Mwaka wa 1892 Still, akiwa na miaka 64, alifungua shule. Ilikuwa nyumba ndogo tu ya mbao, na wanafunzi wa kwanza walikuwa kama ishirini, wanaume kwa wanawake, maana tangu mwanzo hakukubali kuwafungia wanawake mlango. Mganga mmoja Mskoti, William Smith, aliyesoma Edinburgh, alikuja kumchungulia mzee huyu aone kama ni mdanganyifu. Wakaongea kutwa nzima, na Smith akabaki Kirksville kufundisha habari za viungo vya mwili.

Waganga wengine walitaka serikali iwakataze. Jimbo la Vermont lilikuwa la kwanza kuwapa ruhusa, mwaka wa 1896. Missouri ikafuata mwaka wa 1897, baada ya gavana wa kwanza kuikataa sheria hiyo na wa pili kuitia sahihi. Mwaka wa 1901 mwandishi mashuhuri Mark Twain alikwenda mwenyewe mbele ya wabunge wa New York, mjini Albany, kuwatetea. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili wake ni mali yake, na akitaka kuutia hatarini, hatari ni yake mwenyewe. Hoja hiyo inachekesha, lakini kwa mambo ya afya haitoshi: mgonjwa asiyejua hatari haichagui.

Hapo twafika kwenye ile nusu ambayo Still hakuiona. Wakati alipokuwa akiwafundisha vijana wake kuachana na dawa, watu wengine walikuwa wakivumbua vijidudu vya magonjwa, kimoja baada ya kingine, na dawa zikaanza kuwa dawa kweli. Wako ndugu wawili, wa jamaa ya Flexner, ambao majina yao yafaa kutajwa pamoja. Mdogo, Abraham, hakuwa mganga, alikuwa mwalimu. Alipewa kazi ya kuzitembelea shule zote za uganga za Marekani na Kanada, na taarifa yake ilitoka mwaka wa 1910. Alizikuta shule nane za osteopatia, akazilaumu kwa maneno makali: vyombo vichache, walimu hafifu, tamaa ya karo. Tuongeze kwamba shule nyingi za waganga wengine alizilaumu vilevile, na nyingi zikafungwa. Waosteopatia walichukia sana, lakini baadaye walitengeneza shule zao.

Kaka yake Simon alikuwa mtaalamu katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Yeye alitengeneza seramu kwa damu ya farasi, ipigwe kwa sindano katika uti wa mgongo. Mwaka wa 1913 alitoa hesabu ya wagonjwa kama 1,300 waliopata seramu hiyo: walikufa karibu 31 katika kila mia, na bila seramu walikuwa wakifa 70 na zaidi. Seramu hiyo ilikuwa ya ugonjwa gani? Ilikuwa ya homa ya uti wa mgongo, ile ile iliyoondoa watoto watatu nyumbani kwa Still. Mzee alikuwa hai bado, mwenye miaka 84 au 85. Ugonjwa uliomfanya aache dawa ulikuwa umepata dawa yake, nayo iliingia kwa sindano kati ya pingili zile zile za mgongo ambazo vidole vyake vilizijua kuliko mtu yeyote. Baada ya hapo zilikuja sulfamidi katika miaka ya 1930, kisha penisilini. Siku hizi ziko hata chanjo. Wasomaji wetu wa Tshopo hawajasahau mwaka wa 2021, homa hiyo ilipoingia Banalia. Kule hakuna aliyefikiri kukanda migongo, walileta antibiotiki na chanjo.

Still alifariki tarehe 12 Desemba 1917, mwenye miaka 89. Mwaka uliofuata mafua makubwa yalizunguka dunia nzima, na wanafunzi wake walitangaza kwamba wagonjwa wao walikufa wachache kuliko wa waganga wengine. Hesabu hizo walizikusanya wao wenyewe, na mtu hapimi mahindi yake kwa kibaba alichokitengeneza mwenyewe.

Warithi wake walipaswa kuchagua. Wako waliosema: mwalimu alikataa dawa, nasi tutakataa. Wengine wakasema: mwalimu alikataa sumu, na hizi si sumu. Kidogo kidogo, kwa mabishano mengi, shule zao ziliingiza masomo ya dawa na ya upasuaji, mpaka zikafundisha yote yanayofundishwa katika shule nyingine, na zaidi yake kazi ya mikono. Hata hivyo jeshi liliwakataa katika vita vya pili vya dunia. Kukataliwa huko kuliwafaa bila kutazamiwa: waganga wengine walipokwenda vitani, jamaa zao wagonjwa walikuja kwa waosteopatia, na vita vilipokwisha wengi hawakuondoka. Katika California mwaka wa 1961 na 1962 ilifanyika biashara ya ajabu kidogo. Waganga zaidi ya 2,000 wa osteopatia walilipa dola 65 kila mmoja, wakapata cheti cha uganga wa kawaida, shule yao ikabadilishwa jina, na ruhusa mpya za osteopatia zikafungwa. Watu walidhani huo ndio mwisho. Lakini wenzao wa majimbo mengine walikuwa wakipanda: mwaka wa 1966 jeshi liliwapokea, mwaka wa 1973 Mississippi ikawa jimbo la mwisho kuwapa haki zote za uganga, na mwaka wa 1974 mahakama kuu ya California iliufungua mlango uliokuwa umefungwa. Siku hizi mganga wa osteopatia katika Marekani anaandika dawa, anapasua, anazalisha, sawa na mwingine. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wao hawatumii tena mikono yao kwa kukanda, ila mara chache.

Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Mskoti John Martin Littlejohn, aliyesoma Kirksville, alirudi Uingereza mwaka wa 1913 na kufungua shule mjini London mwaka wa 1917. Mwaka wa 1935 waosteopatia waliomba sheria mbele ya wakuu wa bunge, wakaulizwa maswali magumu juu ya shule yao, wakaondoka kwa aibu. Sheria waliipata mwaka wa 1993. Ubelgiji iliwataja katika sheria ya mwaka wa 1999, Ufaransa katika ile ya mwaka wa 2002. Huko hawaandiki dawa wala hawapasui. Kazi yao ni ya mikono tu. Basi mtu akikuambia kwamba yeye ni mwosteopatia, uulize kwanza amesoma nchi gani.

Na mikono yenyewe, inafaa kweli? Wataalamu wameipima. Mwaka wa 1999 gazeti kubwa la waganga wa Marekani lilitoa habari za wagonjwa 155 wa mgongo. Baada ya majuma 12 waliotibiwa kwa mikono na waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikuwa wamepata nafuu sawasawa. Lakini wale wa mikono walikuwa wametumia dawa chache zaidi. Faida hiyo si ndogo, tukikumbuka jinsi vidonge vya maumivu vinavyoharibu tumbo la mtu anayevimeza kila siku. Mwaka wa 2021, katika Ufaransa, walipimwa watu 400: nusu walipata osteopatia, nusu walipapaswa tu bila kujua kwamba ni kupapaswa. Wa kwanza walipata nafuu kidogo katika kazi zao za kila siku, lakini maumivu yenyewe hayakutofautiana. Kwa mgongo na shingo, basi, mikono husaidia kiasi, hasa mgonjwa akiendelea kutembea na kufanya mazoezi. Lakini wale wanaosema kwamba kwa kusukuma mifupa ya kichwa, au mgongo, wataponya pumu, kisukari au malaria, hawana ushahidi.

Tena mikono inaweza kuleta hatari. Kuipindua shingo kwa nguvu kumepasua mshipa wa damu wa watu fulani, mara chache, ndiyo, lakini waliopatwa hivyo walipooza na wengine wamekufa. Mgongo unaouma pamoja na homa, au unaomfanya mtu akonde, au unaouma usiku kuliko mchana, usikandwe. Vilevile mtu ambaye miguu yake inalegea, au anayeshindwa kuzuia mkojo. Katika nchi yetu tuangalie zaidi kifua kikuu, maana hakikai kifuani tu. Mpasuaji wa London, Percivall Pott, alikieleza tangu mwaka wa 1779 kile kinachokula pingili za mgongo mpaka mtu, mara nyingi mtoto, anaota kibyongo na miguu yake inakufa. Mfupa ulioliwa namna hiyo ukikandamizwa huvunjika. Mgonjwa wa hivyo anapaswa kupelekwa hospitali kupigwa picha ya mgongo, na dawa zake atazimeza kila siku kwa miezi mingi.